Wali, maharage na mboga: mwongozo kamili wa sahani 40 kwa mama lishe wa Moshi na Arusha

Kwa watu wengi wanaohangaika mjini Moshi na Arusha, sahani ya mama lishe ndiyo mlo mkubwa wa siku. Asubuhi ilikuwa chai na andazi, usiku itakuwa chochote kitakachopatikana. Sahani hiyo ya mchana ikija na mlima wa wali, mchuzi mwekundu na punje chache za maharage zinazoelea, kuli wa soko la Mbuyuni, Moshi, au dereva wa boda boda wa soko la Kilombero, Arusha, ameshiba lakini hakulishwa.

Huu ni mwongozo wa kutoa sahani 40 kwa siku zenye chakula cha kweli, zisizomuumiza tumbo mteja, na bado mpishi abaki na faida. Umeandikwa kwa anayepikia mkaa, asiye na friji, mwenye msaidizi mmoja. Baba lishe naye yumo.

Kipimo kwanza

Magenge mengi hupika kwa kukadiria, ndiyo maana maharage huisha saa saba na wali ukabaki. Sahani moja ya mtu mzima anayefanya kazi ya nguvu inahitaji gramu 125 za mchele mkavu, gramu 60 za maharage makavu, gramu 100 za mboga za majani zilizochambuliwa, na vijiko viwili vya chai vya mafuta. Maharage hayo hutoa karibu gramu 13 za protini, na mchele karibu gramu 9. Vikiliwa pamoja ni bora kuliko kila kimoja peke yake, kwa sababu protini ya mchele ina upungufu wa laisini, moja ya sehemu zinazounda protini, na maharage yanayo ya kutosha.

Kwa sahani 40 andaa:

- mchele kilo 5
- maharage kilo 2.5
- mboga za majani kilo 5 (vikonyo vikitoka zitabaki kama 4)
- nyanya kilo 2.5, vitunguu kilo 1, karoti nusu kilo
- limau 10, robo kwa kila sahani
- mafuta ya kula mililita 400: maharage 200, mboga 120, wali 80
- chumvi yenye madini joto gramu 80: maharage 35, wali 30, mboga 15

Hiyo chumvi wengine wataiona ndogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, na kwa kipimo hiki umeshampa mteja gramu 2 katika mlo mmoja. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 6. Usiweke kopo la chumvi mezani, anayetaka aombe. Chumvi ya kwenye maharage itie mwishoni, kwa sababu madini joto hupotea yakichemka muda mrefu.

Sokoni

Huku kwetu nafaka huuzwa kwa sado, ile ndoo ndogo ya rangi ya lita 4, na sado tano hufanya debe. Shida ni kwamba sado hazilingani. Nyingine imebonyezwa kitako, nyingine hujazwa kwa kichwa, nyingine husawazishwa kwa kijiti. Maharage yaliyosawazishwa kwenye sado nzima huwa na uzito wa kama kilo 3. Nunua mizani ndogo ya kuning'iniza na upime ulichonunua kabla hujaondoka. Ukifanya hivyo wiki mbili utajua muuzaji gani wa kumrudia.

Maharage ya masika huvunwa kati ya Juni na Agosti. Yaliyokaa ghalani mwaka mzima kwenye joto huwa magumu, na hayalainiki hata ukiyachemsha asubuhi yote. Uliza yalivunwa lini, kisha chukua kiganja kimoja ukachemshe kabla ya kununua debe zima. Usichanganye mapya na ya zamani kwenye sufuria moja, kwa maana mapya yatavurugika wakati ya zamani bado ni kokoto.

Ukiona maharage au mahindi yenye unga wa rangi ya waridi, kijani au buluu, hiyo ni mbegu ya kupanda iliyopakwa dawa. Haioshwi ikawa chakula. Iache, hata ikiuzwa nusu bei.

Ukungu ni jambo zito zaidi kwa mahindi na karanga kuliko kwa maharage. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na kwa jirani zetu wa Manyara, waliokula mahindi ya nyumbani kwao. Kwa karanga za kuungia mboga, nunua nzima badala ya zilizosagwa, uchambue mwenyewe, utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye uchungu. Usimlishe kuku zile mbovu.

Mafuta na unga wa ngano chukua vyenye nembo ya virutubishi. Mafuta hayo yameongezwa vitamini A. Ya kupimiwa kwenye chupa kutoka kwenye dumu lililo juani hujui asili yake, na mwanga umeshapunguza vitamini iliyokuwamo.

Maharage

Hapa ndipo genge linapopata sifa au kuipoteza, kwa hiyo nenda taratibu.

Saa mbili usiku yapepete kwenye ungo, toa mawe, yaliyotobolewa na yenye ukungu. Osha mara mbili. Loweka kwenye maji lita 10 pamoja na vijiko vitatu vya chakula vya chumvi; chumvi hiyo hulainisha ganda na sehemu kubwa itamwagwa na maji. Funika. Saa nane mpaka kumi zinatosha. Miezi ya joto ya Januari mpaka Machi, hasa Moshi, yakilowekwa zaidi ya muda wa saa kumi na mbili huanza kutoa povu na harufu ya uchachu, kwa hiyo badilisha maji kabla ya kulala au anza kuloweka saa nne usiku.

Saa kumi na moja alfajiri mwaga maji yote ya kulowekea na suuza. Maji haya hayatumiki tena: yana sukari zinazojaza gesi tumboni na sehemu ya sumu ya asili ya maharage, iliyo nyingi zaidi kwenye maharage mekundu. Sumu hiyo inamalizwa na kuchemka kwa nguvu. Weka maji mapya yafunike maharage kwa vidole vinne, kama lita 7 kwenye sufuria ya lita 20, na uyaache yatokote kwa kishindo, povu likipanda, kwa dakika 30. Baada ya hapo ndipo upunguze moto. Anayeyaweka kwenye moto mdogo tangu mwanzo ili kuokoa mkaa anajiletea hatari, maana maharage yaliyopata joto la vuguvugu muda mrefu bila kutokota huweza kumtapisha mtu ndani ya saa chache, tena vibaya kuliko hata mabichi.

Kwa moto mdogo yanahitaji saa moja na nusu hadi mbili. Arusha ongeza muda. Mji wa Moshi uko kama mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka karibu na nyuzi 97. Arusha iko kama mita 1,400, na huko maji huchemka karibu na nyuzi 95. Tofauti hiyo si kitu kwa chai, lakini kwa maharage ni nusu saa nzima. Anayetoka Dar es Salaam akafungua genge Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, hushangaa maharage yaleyale yamekuwa mabishi.

Yameiva pale punje inaposagika kati ya ulimi na kaakaa bila kutumia meno. Jaribu punje tano kutoka pande tofauti za sufuria. Kabla hazijafika hapo usitie nyanya wala limau, kwa sababu uchachu hukaza ganda na maharage yatagoma hapo yalipofikia. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na wengi hulilaumu gunia.

Kisha kaanga vitunguu, karoti na nyanya katika mafuta pembeni mpaka nyanya zipoteze harufu ya ubichi, mimina kwenye maharage, ponda upawa mmoja wa punje ili mchuzi uwe mzito, tia chumvi, chemsha dakika 15. Mchuzi mzito wa punje zilizopondwa ni chakula. Mchuzi mzito wa unga wa ngano ni hila, na mteja anaijua.

Sasa magadi. Kutia magadi kwenye maharage, makande na mboga ni mazoea ya siku nyingi huku kaskazini, na yanafanya kazi kweli, maana hulainisha haraka na kuokoa mkaa. Lakini yanaharibu vitamini B1 ya maharage na vitamini C ya mboga. Isitoshe, magadi ya mikoa hii mara nyingi yana floraidi nyingi sana. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru tayari yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Ndiyo chanzo cha meno ya kahawia kwa watoto waliokulia huko, na ikizidi sana huathiri mifupa. Kuongeza magadi juu ya maji hayo ni kuongeza mzigo kwa mteja anayekula kwako siku sita kwa wiki. Kuloweka vizuri na kununua maharage mapya kunafanya kazi ileile.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale, kwa hiyo yanazidi kuwa makali. Ulizia mamlaka yako ya maji kipimo cha chanzo unachotumia. Kama ni kibaya, tumia maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi, au chujio la chenga za mifupa iliyochomwa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikiishughulikia. Chenga hizo huchoka, lazima zibadilishwe.

Ukitaka kupunguza mkaa kwa njia nzuri, tumia kapu la kuhifadhi joto. Maharage yaliyolowekwa na kutokota dakika 30 yaweke na sufuria yake, mfuniko umekaza, ndani ya kapu lililojazwa matambara au sponji pande zote. Baada ya saa tatu yatakuwa yamelainika. Yatoe, yatokoteshe tena kabisa, ndipo uyaunge.

Wali

Wali hauna maneno mengi. Mchele wa Mabogini na Kahe unapatikana kwa urahisi Moshi. Uchambue mchana kweupe, kwa sababu jiwe moja likivunja jino la mteja linafukuza watano. Osha mara mbili tu. Kwa kilo 5 tumia maji kama lita 7.5, yachemke kwanza na mafuta na chumvi, tia mchele, koroga mara moja, na maji yakikauka palia makaa juu ya mfuniko dakika 15 hadi 20. Anza saa nne na nusu ili uive karibu na saa sita. Ukiiva mapema sana unakaa, na wali uliokaa ni tatizo tutakalolifikia.

Pakua kwa bakuli la nusu lita lisilojaa kabisa, sahani zote zilingane. Maharage ni upawa mmoja uliozama mpaka chini ya sufuria, si wa juu juu.

Mboga na limau

Mnafu, mchicha, figiri, sukuma wiki, majani ya maboga, chochote kilicho rahisi siku hiyo. Osha majani yakiwa mazima, kabla ya kukata, kwenye maji matatu. Ukiosha yaliyokwisha kukatwa vitamini zinaondoka na maji. Bustani nyingi za mjini humwagiliwa kwa mito inayopita katikati ya makazi, kwa hiyo suuza ya mwisho iwe kwa maji safi. Kwenye mnafu toa vitunda vya kijani, vina sumu. Kuuchemsha na kumwaga maji hupunguza uchungu lakini humwaga na faida yake. Bora uchague majani machanga au uchanganye nusu kwa nusu na mchicha. Kaanga kitunguu, tia mboga, geuza, dakika tano hadi saba basi. Mafuta yasikosekane hapa, vitamini A ya majani haiingii mwilini bila mafuta. Kisamvu ni habari nyingine: lazima kitwangwe na kichemshwe muda mrefu bila mfuniko, kisije kwenye genge kwa haraka.

Robo ya limau ni ndogo, nayo ina kazi. Madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na majani hayanyonywi vizuri na mwili, lakini vitamini C ikiwepo kwenye mlo uleule yananyonywa zaidi. Chai na kahawa hufanya kinyume. Mhudumie mteja maji wakati wa kula na umuuzie chai baadaye. Kwa wanawake wa umri wa kuzaa hili si jambo dogo. Utafiti wa taifa wa 2015–16 ulikuta 45% yao wana upungufu wa damu.

Kachumbari tengeneza kidogo kidogo, ya kuisha ndani ya saa moja, kwa nyanya zilizooshwa kwa maji yaliyotibiwa. Haipikwi, kwa hiyo hakuna moto wa kukuokoa.

Maji, mikono, vyombo

Uwe na ndoo mbili zenye koki. Moja ya kunawia, na sabuni pembeni, iwe mahali mteja anapoiona kabla ya kukaa. Nyingine ya kunywa, maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, isifunguliwe kwa kuchota na kikombe. Beseni la pamoja la kunawia, watu kumi maji yaleyale, linasambaza kuhara.

Kwa vyombo panga mabeseni matatu: sabuni na maji ya moto, maji ya kusuuza, kisha maji lita 20 yenye mililita 60 za dawa ya klorini ya nguvu ya 3.5%, isiyo na manukato. Sahani izame humo dakika mbili na ikauke yenyewe kwenye kichanja. Usiifute kwa kitambaa. Kitambaa cha saa saba mchana ni kichafu kuliko sahani. Badilisha maji hayo kila saa mbili au yakiwa na ukungu wa sabuni, kwa sababu uchafu humaliza nguvu ya klorini.

Kuweka moto, na kiporo

Chakula kilichoiva kikae juu ya nyuzi 60. Bila kipimajoto, fanya hivi: sufuria ya maharage ibaki kwenye makaa yaliyofunikwa majivu, na kila saa moja uichemshe mpaka itokote katikati, si pembeni tu. Wali uhamishie kwenye hotpoti ukiwa unatoa mvuke na ufungue pale unapopakua tu.

Wali unaogopesha zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mchele huja na bakteria ambao viini vyao havifi kwa kuchemka. Wali ukipoa polepole kwenye sufuria kubwa vinaamka, vinaongezeka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha moto vizuri kesho yake. Ndiyo maana kwa genge lisilo na friji hakuna wali wa kulala. Ikifika saa tisa shusha bei au toa. Maharage ya jana usiyamwage kwenye ya leo, utaharibu sufuria nzima kwa ajili ya sahani tano.

Mwenye friji agawe chakula kwenye vyombo vifupi, avipoze ndani ya beseni la maji baridi, viingie kwenye friji kabla ya saa mbili kuisha, na kesho vichemke kabisa mara moja tu.

Hesabu

Bei hubadilika, kwa hiyo weka zako. Kwa mfano: mchele 14,000, maharage 7,500, mboga 5,000, mafuta 2,400, nyanya, vitunguu, karoti na limau 4,000, chumvi 500, mkaa 4,000, maji, sabuni na dawa 1,500, msaidizi 7,000, eneo na ushuru 2,000. Jumla 47,900, yaani karibu 1,200 kwa sahani. Ukiuza 36 kwa 2,000 unapata 72,000, na kinachobaki ni 24,100. Hicho ndicho mshahara wako. Sasa angalia madeni: sahani sita za "nitakulipa Jumamosi" ni 12,000, nusu ya ulichobakiza. Weka daftari na kikomo cha sahani mbili kwa mteja, na fedha ya mtaji ya kesho itenganishwe kabla hujagusa faida.

Mchele ukipanda bei, kishawishi ni kupunguza maharage na kuongeza mchuzi. Usifanye hivyo. Badilisha wanga. Makande ya mahindi yaliyokobolewa kilo mbili kwa maharage kilo moja, au kiburu cha ndizi na maharage, vinamlisha mteja sawasawa na wali kwa gharama ndogo. Arusha loshoro, yaani mahindi yaliyopikwa na kuchanganywa na maziwa mgando, inatembea sana. Maziwa yake yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yagandishwe kwa kianzio safi, kwa kuwa kuganda peke yake hakuui ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao humpata mtu kupitia maziwa mabichi.

Afya ya mpishi

Wewe na msaidizi mpimwe afya kila baada ya miezi sita na kadi zikae gengeni. Afisa afya wa kata ndiye wa kumwona kwa utaratibu wa eneo lako. Kidonda cha mkono kifungwe bendeji isiyopitisha maji, na mwenye nacho asishike chakula kilichoiva. Anayeharisha au kutapika abaki nyumbani mpaka saa 48 zipite tangu dalili ziishe, hata kama ni siku ya gulio, na hata kama ni wewe mwenye genge.